Bango la taa kwenye basi: sheria inaangalia nini?

Wenye mabasi wakija ofisini kwetu, swali lao huwa moja: je, bango la njia la taa za LED linaruhusiwa? Kwa kawaida sheria haina ugomvi na LED yenyewe. Kinachokaguliwa ni rangi ya mwanga, upande unaoelekea, na kama abiria ataweza kusoma.

Wengi hunaswa kwenye rangi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi nyingi zimeuridhia, hautaki gari lioneshe mwanga mwekundu kwa mbele. Usiku dereva huona rangi kabla hajaona umbo. Nyekundu humwambia kuna gari mbele yake linaloelekea anakoelekea. Nyeupe humwambia kuna linalomjia. Basi lenye maandishi mekundu usoni linampa habari ya uongo, na uongo huo huchukua sekunde ambazo hana. Kwa sababu hiyohiyo, maandishi meupe kwa nyuma nayo yanahitaji uangalifu.

Ndiyo maana mabango mengi ni ya rangi ya kaharabu, yaani njano inayokaribia machungwa. Si sheria pekee iliyoleta hivyo. LED nyeupe hutegemea LED ya bluu, na bluu yenye mwanga wa kutosha ilipatikana miaka ya 1990 tu. Wagunduzi wake watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kabla ya bluu hiyo kupatikana, kaharabu ilikuwa tayari, inang'aa, na haikumchanganya dereva yeyote.

Ukubwa wa herufi nao una kanuni. Uingereza, kanuni za mwaka 2000 zinataka namba ya njia mbele ya basi isipungue milimita 200 kwa kimo, na jina la mwisho wa safari milimita 125. Tena jina hilo lisiandikwe kwa herufi kubwa tupu, kwa kuwa neno lenye herufi ndogo hupanda na kushuka, na jicho hulitambua kwa umbo lake hata kwa mbali. Marekani hutosheka na inchi 2 mbele na inchi 1 upande wa mlango. Kwangu mimi hicho ni kidogo mno.

Mvuto wa LED unaeleweka. Dereva hubonyeza kitufe na njia imebadilika, wakati bango la kitambaa hulazimu kuchapisha upya kila njia mpya inapoanzishwa. Lakini kitambaa kilichochapwa vizuri bado huishinda LED ya bei rahisi kwa usafi wa herufi, na hakitembezi maneno. Maandishi yanayotembea ndiyo kosa ninalolichukia zaidi: basi linapita, abiria kasoma nusu ya jina.

Mara nyingine mtu huleta picha ya bango lililokatika herufi akidhani ni bovu. Huenda ni zima. Taa hizo huwashwa safu kwa safu kwa zamu ya haraka. Jicho halitambui, kamera hunasa.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi aliwashe bango jua likilipiga usoni, kisha usiku, uone kama linapunguza mwanga lenyewe. Simama pale abiria husimama, basi lije kwa mwendo wake wa kawaida. Ukimaliza kusoma ungali na muda wa kuinua mkono, nunua.