Je, wajua kwa nini mchoraji anaweza kuchora kitu kimoja mara saba?

Nimemaliza picha zangu mpya, ziko saba, na zote ni ndoo. Ndoo ile ile nyeupe ya plastiki, imekaa pale pale nje pembeni ya ukuta, na kila niliyemwonyesha ananiuliza swali moja tu, kwa nini usingechora vitu saba tofauti?

Jibu linaanzia kichwani. Ukiwa na shati jeupe ukaingia chumba chenye taa ya njano utaliona jeupe, ukitoka nje kwenye jua kali bado unaliona jeupe, kumbe mwanga unaofika jichoni umeshabadilika kabisa ila ubongo unaurekebisha kimya kimya ili usichanganyikiwe. Kwa maisha ya kila siku ni msaada mkubwa sana, bila hivyo ungeshindwa hata kutambua vitu vyako mwenyewe. Ila kwa mchoraji ni kikwazo, maana unajikuta unachora unachokijua badala ya unachokiona. Picha ya kwanza nilipaka ndoo nyeupe, kivuli kijivu, basi, na ikatoka haina uhai.

Ya tatu ndo nikaanza kuona. Nilichukua kadi ya kijivu nikatoboa tundu dogo katikati, nikafumba jicho moja nikachungulia sehemu ndogo tu ya ndoo, na hapo ndoo inapotea unabaki na rangi tupu. Upande usiopigwa na jua ulikuwa bluu jamani, bluu kabisa, kwa sababu pale jua halifiki lakini anga linafika, na anga siku hiyo lilikuwa halina wingu. Halafu chini, karibu na udongo mwekundu, kulikuwa na utepe wa rangi ya chungwa upana wa kidole hivi, huo ni mwanga wa jua umegonga udongo ukarudi kwenye plastiki. Vyote hivyo vilikuwepo siku zote na mi nilikuwa napita tu naona ndoo nyeupe.

Wazo lenyewe la kuchora kitu kile kile kila mwanga unapobadilika sio langu, ni la zamani. Claude Monet, yule Mfaransa, mwaka 1890 alianza kuchora marundo ya ngano karibu na kwake Giverny, akafikisha kama picha 25, na Mei 1891 akaonyesha 15 pamoja Paris. Baadaye akaenda kwenye kanisa kuu la Rouen akachora zaidi ya 30, ukuta ule ule wa mbele. Alikuwa anapanga turubai kadhaa, yaani vitambaa vya kuchorea, mwanga ukibadilika anaweka ile pembeni anashika inayofanana na mwanga wa saa hiyo, kesho saa ile ile anairudia.

Na hapa kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii, rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa. Maji hayapo humo, mafuta yanashika oksijeni ya hewani taratibu mpaka yanagumu, inaweza kuchukua siku kadhaa na rangi ikiwa nene hata wiki nyingi. Ukipaka mwanga wa jioni juu ya mwanga wa asubuhi ambao bado mbichi unapata tope, kwa hiyo kila saa bora iwe na turubai yake.

Nilipozitundika zote saba ukuta mmoja ndo nikaelewa kwa nini zisiachane. Ukiiangalia moja peke yake unaona ndoo, ila zikiwa pamoja jicho lenyewe linaanza kulinganisha, hii kivuli kirefu, ile utepe wa chungwa umeshapotea, na bila kuambiwa mtu anaanza kubishana kuhusu saa. Ya saba sikuchora mstari wowote wa ukingo, ni rangi tu zimekutana, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Leo asubuhi mvua imenyesha, ndoo imejaa nusu na maji yanaakisi anga kwa ndani. Nimeshatoa turubai ya nane.