Doa jeupe ulimini: jeni zinaweza kutabiri kansa?

Swali: Mjomba wangu, mkaaji wa Kadutu hapa Bukavu, ana doa jeupe pembeni mwa ulimi. Halimwumi, wala halitoki akilisugua. Nasikia kuna kipimo cha jeni kinachoonyesha kama litageuka kansa. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, ila kina mipaka. Doa la namna hiyo, likikosa sababu nyingine, madaktari huliita lekoplakia. Mengi hayageuki kansa, machache hugeuka, na kwa macho ni vigumu kuyatofautisha. Kwenye mikono mifupi ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) ya 3 na ya 9 kuna jeni zinazozuia seli kuzaana ovyo. Doa lililopoteza vipande vya sehemu hizo lina hatari kubwa kuliko lenye vipande kamili. Halafu kuna jeni ya TP53, inayoisimamisha seli iliyoharibika ili irekebishwe au ife. Katika kansa nyingi za mdomo, jeni hiyo imeharibika.

Swali: Basi ni ugonjwa wa ukoo?

Jibu: Mara nyingi sivyo. Jeni hizo huharibikia mdomoni mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa tumbaku na pombe. Anayevuta sigara huku akinywa kanyanga yuko hatarini zaidi sana kuliko mwenye tabia moja tu.

Swali: Kuna dawa ya kurekebisha jeni hizo?

Jibu: Bado. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani: baadhi ya watu ambao madoa yao yalipoteza vipande hivyo vya kromosomu walipewa erlotinibu, dawa iliyotarajiwa kuzuia kansa. Kipimo kilionekana kutabiri vizuri, lakini dawa haikuzuia kansa. Kwa kansa iliyorudi au kusambaa, kiasi cha PD-L1, protini inayoisaidia kansa kujificha na kinga ya mwili, huwasaidia madaktari kuamua kuhusu pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga hiyo, yenye bei kali mno. Tiba kuu ya kansa ya mdomo inabaki upasuaji, wakati mwingine pamoja na mionzi.

Swali: Sasa nifanye nini?

Jibu: Usingoje kipimo cha jeni. Mpeleke mjomba kwa daktari wa meno au wa koo, akatwe kipande kidogo kikachunguzwe kwa hadubini. Najua wazee wengi husema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, na woga huo umewachelewesha watu wengi. Mweleze kwa upole kwamba kipande hicho ndicho kitakachoonyesha ugonjwa, na hata kipimo cha jeni za doa huanzia hapo hapo. Aache tumbaku leo. Doa likigeuka jekundu, likawa kidonda kisichopona kwa wiki 2, au shingo ikivimba, nendeni siku hiyo hiyo.