Misimu ya vijana: ni wewe uliyezeeka, au ni neno lililofichwa?

Mpwa wangu aliniambia shati langu ni noma, nikarudi chumbani kulibadilisha. Kumbe alikuwa ananisifia. Mimi noma niliyoizoea ni balaa.

Dhana: Usipoelewa maneno ya vijana, akili imeanza kuchoka.

Si kweli, na hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi. Msamiati ni miongoni mwa mambo yanayozeeka vizuri kichwani: watu wengi huendelea kuongeza maneno hata wakiwa na miaka 60 na kitu. Kinachopungua ni wepesi wa kulikumbuka neno unalolijua, lile jina linalokuja hadi mdomoni likagoma kutoka. Neno la msimu ni jambo jingine kabisa. Hujalisahau, hukuwapo lilipozaliwa.

Tena usisahau kazi yake. Wanafunzi wa bweni, wanajeshi na wafungwa wote wana maneno yao, na sababu mojawapo ni kumjua mwenzao na kumwacha mgeni nje. Ukiwa mzazi, mgeni anayekusudiwa mara nyingi ni wewe. Ndiyo maana hata kijana wa miaka 25 humsikiliza wa miaka 14 akabaki anakodoa macho. Je, naye ni mzee?

Dhana: Zamani watu walisema lugha safi, hawa wa simu ndio walioiharibu.

Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift alilalamika katika jarida la Tatler kuhusu watu wanaokatakata maneno ya Kiingereza. Neno mojawapo lililomkera ni "mob" (kundi la watu wenye fujo), kifupi cha maneno ya Kilatini "mobile vulgus". Leo "mob" ni Kiingereza cha kawaida, hakuna anayeshtuka.

Chukua pia OK. Ilichapishwa mwaka 1839 katika gazeti moja la Boston, enzi za utani wa kuandika maneno kimakosa kwa makusudi kisha kuyafupisha: "oll korrect", yaani "all correct", sawa kabisa. Vifupisho vingi vya utani ule vilikufa. Huyu mmoja akapona, na leo bibi anamwandikia mjukuu OK bila kujua anaendeleza mzaha wa karibu miaka 200.

Kwetu ni hivyo hivyo. Poa ya salamu ilitokana na kupoa kwa kawaida tu, ikawa ya vijana, na sasa hata wastaafu wanaitikia nayo.

Dhana: Neno likivuma leo, limezaliwa leo.

"Brain rot", yaani kuoza kwa ubongo, ilichaguliwa na wachapishaji wa kamusi za Oxford kuwa neno la mwaka 2024. Mwandishi Mmarekani Henry David Thoreau aliitumia mwaka 1854.

Dhana: Dawa ni kuyakariri na kuyatumia.

Hapa nawapinga hata wenzangu wa rika. Kuelewa na kutumia ni mambo mawili. Neno likishafika kwa wazazi, walimu na matangazo ya biashara, halimtengi mtu tena, na wenyewe wanaliacha. Kwa hiyo anayekariri orodha hukariri maneno yanayoelekea mlangoni. Kuuliza kunatosha, wala hakuna aibu.

Mimi niliuliza. Noma ya sifa na noma ya balaa, mtu anazitofautishaje? Mpwa wangu akafikiri kidogo, akasema unasikia kwenye sauti tu. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba siku hizi neno hilo wanalitumia zaidi watu wazima.