Walalahoi wawili na dhahabu isiyo yao: nani anaonekana kwenye The Hidden Fortress

Ukiipima filamu hii ya Akira Kurosawa ya mwaka 1958 kwa kuhesabu rangi za sura, utamaliza kazi dakika ya kwanza: wote ni Wajapani. Hadithi iko katika zama za vita vya koo: jemadari wa ukoo ulioshindwa anamvusha bintimfalme wake kwa kificho, pamoja na dhahabu ya ukoo, katikati ya nchi ya adui. Kinachowatenga watu ni tabaka na jinsia. Mimi huitazama kwa maswali matatu: kamera inamfuata nani, nani anapewa maneno, na nani anaondoka na kitu mkononi.

Kamera inaanza migongoni mwa wakulima wawili, Tahei na Matashichi, wakigombana njiani. Walikwenda vitani kutafuta utajiri, wakachelewa, wakakamatwa na kulazimishwa kuzika maiti. Mara anatokea askari anayekimbia. Wapanda farasi wanamuua mbele ya macho yao. Vita tunaviona kutoka chini, kama walalahoi wanavyoviona. Kurosawa alikuwa anatumia skrini pana kwa mara ya kwanza, na upana ule unamruhusu kumweka Jemadari Rokurota (Toshiro Mifune) na wakulima hao kwenye fremu moja bila kukata. Ubwana unausoma kwa kuangalia nani kasimama na nani kachutama.

Ila kufuatwa na kamera si kuheshimiwa. Wawili hao ni waoga na walafi karibu filamu nzima, na kuchekwa ndiyo kazi yao. Mkulima mwenye hoja utampata kwenye Seven Samurai ya 1954, pale Kikuchiyo, mtoto wa mkulima anayejifanya samurai, anapowapasulia samurai ukweli kwamba ujanja wa wakulima umezaliwa na ukatili wa samurai wenyewe.

Swali la maneno ndilo tamu zaidi. Bintimfalme Yuki (Misa Uehara) kalelewa kama mvulana, na usemi wake wa kuamrisha ungemfichua mara moja. Basi anajifanya bubu. Wengi huishia hapo na kusema mwanamke kanyamazishwa. Tazama vizuri: kabla ya safari anamkemea Rokurota kwa kumtoa dada yake mwenyewe, Kofuyu, auawe badala ya Yuki. Wote wawili wana miaka 16, kwa nini uhai wa mmoja uwe na thamani zaidi? Na wakiwa njiani ni yeye anayeamuru anunuliwe msichana wa ukoo wao aliyeangukia mikononi mwa mfanyabiashara wa wanawake.

Msichana huyo anawazuia wakulima wasimguse Yuki usingizini. Wanapokamatwa, anadai kwamba yeye ndiye bintimfalme, afe yeye. Filamu haimpi hata jina. Hapo ndipo lawama yangu ilipo, kuliko kwenye ububu wa Yuki.

Dhahabu iliyofichwa ndani ya kuni, ambayo wakulima wameibeba kwa jasho, inarudi kwa ukoo. Tahei na Matashichi wanapewa kipande kimoja, na agizo la kugawana bila ugomvi.