Kejeli za televisheni katika uchaguzi wa rais Marekani

Kejeli ya uchaguzi kwenye televisheni ni vichekesho vinavyojengwa juu ya habari za kweli za kampeni: hotuba, midahalo, matangazo ya wagombea, hata namna wanahabari wenyewe wanavyoripoti. Mchekeshaji hatungi tukio. Tukio lipo tayari. Yeye huligeuza ili uonekane upande ambao mgombea angependa ufichike.

Nchini Marekani sanaa hii imekua kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni uigizaji. Saturday Night Live, kipindi cha maigizo ya kuchekesha, kilianza mwaka 1975, na kufikia uchaguzi wa 1976 mchekeshaji wake Chevy Chase alikuwa ameshamzoesha mtazamaji kumwona Rais Gerald Ford kama mtu wa kujikwaa na kuanguka. Ford alikuwa mwanamichezo hodari tangu chuoni, lakini watu walishika ile ya kuanguka. Mwaka 2008, katika kipindi hichohicho, mchekeshaji Tina Fey, akimwigiza Sarah Palin, gavana wa jimbo la Alaska aliyekuwa mgombea mwenza wa urais, alisema anaiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Palin hakusema hivyo. Alichosema, alipohojiwa na televisheni ya ABC, ni kwamba Urusi inaonekana ukiwa katika ardhi ya Alaska, na ni kweli kuna kisiwa cha Alaska ambako inaonekana. Hadi leo wapo wanaoamini maneno ya Fey ni ya Palin. Kwangu huo ni udhaifu mkubwa wa uigizaji: mpiga kura anaweza kumhukumu mtu kwa kauli ambayo hakuitoa.

Njia ya pili ni taarifa ya habari ya mzaha, na hii naiona imara zaidi kwa sababu husimama juu ya maneno ya wanasiasa wenyewe. Kipindi cha The Daily Show, chini ya mtangazaji na mchekeshaji Jon Stewart, kiliufuatilia uchaguzi wa 2000 kwa jina la Indecision 2000, yaani kushindwa kuamua. Jina likatimia: matokeo ya Florida, jimbo lililobaki kuamua mshindi, yalibishaniwa kwa wiki tano, Mahakama ya Juu ikasitisha kuhesabu kura upya, na George W. Bush akalichukua jimbo hilo kwa kura 537. Vipindi vile vilipata Peabody, tuzo ya heshima ya utangazaji. Mbinu yao ilikuwa rahisi na kali: mwanasiasa anaonyeshwa akisema jambo, kisha inafuata video yake ya zamani akisema kinyume. Mtangazaji hahitaji kuongeza neno.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Stephen Colbert, mchekeshaji aliyekuwa na kipindi chake cha habari za mzaha. Mwaka 2011 alisajili kamati yake ya Super PAC, aina ya kamati inayoruhusiwa kukusanya fedha za kampeni bila kikomo, ikachangiwa zaidi ya dola milioni 1. Sheria inakataza kamati hizo kupanga mikakati pamoja na mgombea. Januari 2012, alipotaka kujitosa kwenye kinyang'anyiro cha urais, Colbert alimkabidhi rafiki yake Stewart kamati hiyo kwa kutia saini hati mbele ya kamera, mwanasheria wake akiwa pembeni, na kila kitu kikawa halali; mtazamaji akajionea jinsi katazo hilo linavyokwepeka. Watafiti wa kituo cha Annenberg, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walikuta kwamba kipindi chake kiliwafundisha watazamaji juu ya fedha za kampeni kuliko vyombo vya habari vya kawaida.