Sufuria ya maji haizuii sumu ya jiko la makaa
Kila baridi ya Julai inapoishika Nakuru na Molo, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: lala na jiko la makaa chumbani, mradi uweke sufuria ya maji kando, maji yatavuta sumu. Si kweli.

Gesi inayoua hapo ni kaboni monoksaidi, na majini huyeyuka kidogo mno. Fungua kitabu cha kemia cha sekondari: maabarani gesi hii hukusanywa juu ya maji kwa sababu hiyohiyo. Haina rangi wala harufu. Hushika himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu takriban mara 200 zaidi ya oksijeni yenyewe, hivyo seli hukosa oksijeni huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Seli hujitetea, ndiyo; miili ya wakimbiaji wa Iten, mji wa nyanda za juu wenye hewa yenye oksijeni haba, huongeza chembe nyekundu za damu, lakini kwa wiki kadhaa. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache.

Nadhani wanaoamka salama huyasifu maji, kumbe kilichowaokoa ni ufa wa dirisha na upenyo chini ya mlango.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Toa jiko nje kabla ya kulala, hata kama makaa yameiva na hayatoi moshi.