Kwa nini dawa ya malale iliachwa halafu ikarudi kama krimu ya usoni?

Je, wajua kuna dawa ilikuwa inaamsha watu waliokwisha kupoteza fahamu kwa malale, mpaka ikaitwa dawa ya ufufuo, halafu kampuni ikaacha kuitengeneza? Ni eflonithini. Mwanzoni walikuwa wanatafuta dawa ya kansa, huko haikufua dafu, ikaja kugundulika inatibu malale ya aina inayosumbua sana Kongo, na mwaka 1990 Marekani wakaipitisha.

Sasa anayeumwa malale ni nani? Ni mkulima, mvuvi, mtu anayeshinda mtoni kwenye mbung'o, hana hela, na serikali yake nayo haina. Kwa kampuni huyo sio mteja, kwa hiyo katikati ya miaka ya 90 uzalishaji ukasimama. Ikabaki melasoproli ya tangu 1949, ambayo ina aseniki ndani, yaani sumu yenyewe, ikiingia mshipani mgonjwa anasikia kama moto unapita, ilikuwa inayeyusha hadi bomba la sindano la plastiki ndo maana walitumia la kioo, na kwa kila wagonjwa 20 iliua kama mmoja. Na walichoma hivyo hivyo, maana malale isipotibiwa inaua karibu kila anayeipata.

Mwaka 2000 eflonithini ikarudi madukani Marekani kama krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake. Sina ugomvi na wanaoinunua, ila kemikali ni ile ile! Madaktari Wasio na Mipaka na WHO wakapiga kelele, na 2001 kampuni ya dawa ya Aventis ikakubali kuitengeneza tena na kuitoa bure.

Kwa hiyo faida inaleta dawa au haileti? Inaleta, tusidanganyane, hata hiyo eflonithini ilizaliwa kwa sababu kansa ina wanunuzi. Ila faida inamfuata mwenye kulipa, haimfuati anayekufa, na mimi hapo ndo naona hatuwezi kuiachia kazi yote.

Angalia feksinidazoli, dawa nyingine ya malale. Ilikuwa imetelekezwa tangu miaka ya 80, taasisi isiyotafuta faida ya DNDi, iliyoanzishwa 2003, ikaifufua kwa hela za serikali na wafadhili, majaribio yakafanyika Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kampuni ya Sanofi ikaitengeneza, na 2018 ikapitishwa: vidonge vya siku 10, unameza na chakula, hakuna dripu.